Kanga Moja, Mifuko Minane: Kufunga Vitafunio vya Sikukuu na Kushona Zawadi Ndogo Nyumbani

Sahani ya vileja na visheti inayopelekwa kwa jirani asubuhi ya Idi haihitaji kifungashio chochote. Hufunikwa kwa kawa, huvushwa uchochoro mikononi mwa mtoto, na siku nyingine hurudi ikiwa na kitu ndani yake. Haja ya kufunga huanza pale vitafunio vinapokwenda mbali zaidi ya uchochoro huo: kwa shangazi aliye mkoani, kwa mwalimu wa watoto, kwa wenzako wa kazini, au kwa wageni wa Krismasi ambao hawapendi kuondoka mikono mitupu. Hapo watu wengi hununua mfuko wa zawadi unaong'aa, ambao huchanika kabla ya kufika na kutupwa siku hiyohiyo, ilhali kanga moja, cherehani ya kawaida na jioni chache zinatosha kutengeneza kitu ambacho mpokeaji ataendelea kukitumia baada ya vileja kuisha.

Kanuni ninayoifuata katika mwongozo huu ni kwamba kifungashio kizuri kina matabaka mawili yenye kazi tofauti. Tabaka la ndani hulinda chakula dhidi ya unyevu, mafuta na kuvunjika. Tabaka la nje ndilo zawadi. Anayetaka kitambaa kifanye kazi zote mbili hupata mfuko wenye madoa ya samli na visheti vilivyolainika.

Anza na kitafunio chenyewe

Kabla ya kugusa mkasi, fikiria ni nini kitakachowekwa ndani, kwa sababu vitafunio vya sikukuu havifanani tabia. Vileja huwa na samli nyingi na huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo vinataka chombo kigumu, hata kama ni kopo dogo la bati au kisanduku cha kadibodi kilichotandikwa karatasi isiyopitisha mafuta, ile inayotumiwa kuokea. Visheti ni vigumu na havivunjiki ovyo, lakini sukari iliyovigandia huvuta unyevu wa hewa, na katika hewa ya pwani vikiachwa wazi usiku mmoja huanza kunata. Hivyo vinahitaji kufungwa pasipo hewa, na chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza ndiyo inayovifaa zaidi. Tende hunata na kuacha rangi. Ubuyu wa rangi nyekundu hutia doa ambalo halitoki katika kitambaa cheupe, kwa hiyo uutafutie chupa, au angalau kitambaa cha rangi ya giza. Kashata za njugu huvumilia safari. Zile za nazi mbichi zina maji mengi na hazikai muda mrefu, kwa hiyo mpe mtu atakayezila mapema. Halua hutoa samli kadiri inavyokaa, nayo ipakiwe katika bakuli dogo lenye kifuniko kisha bakuli ndilo liingie mfukoni. Kaimati usizifunge kabisa: zinapendeza siku ile ile zilipopikwa, na shira yake itapita katika karatasi ya aina yoyote.

Jambo moja linavihusu vyote, nalo ni kwamba kitafunio kipoe kabisa kabla ya kufungwa. Kileja chenye uvuguvugu kikiingia katika chombo kilichofunikwa hutoa mvuke, mvuke huo hugeuka matone ya maji chini ya kifuniko, na kitafunio kilichokuwa kikivunjika vizuri mdomoni huwa laini kabla ya kufika kwa mwenyewe. Viache juu ya wavu au sinia pana kwa saa kadhaa, ukivifunika kwa kitambaa chepesi ili nzi wasivifikie.

Gazeti nalo lisiguse chakula. Wino wake huhamia kwenye mafuta kwa urahisi, na ingawa tumezoea kuliona likitumika barabarani, zawadi ya sikukuu si mahali pake. Ukitaka kulitumia, litumie kujazia nafasi tupu katika boksi la kusafirishia, nje ya vyombo vilivyofungwa.

Kuchagua na kuandaa kitambaa

Kanga na kitenge vyote vya pamba vinafaa. Kanga ni nyepesi, hukunjika vizuri na hupendeza kwa mifuko. Kitenge ni kizito kidogo na ndicho bora kwa vitu vinavyoguswa na joto au vinavyobebeshwa uzito. Kitenge hununuliwa kwa yadi, na yadi moja, ambayo ni kama sentimita 91, inatosha mifuko mitano ya kipimo nitakachokieleza. Kanga huuzwa kwa doti, yaani pande mbili zilizoungana, na upande mmoja huwa na takribani sentimita 150 kwa 110. Si lazima uwe mpya. Kanga iliyovaliwa lakini bado ina nguvu hushoneka vizuri kuliko mpya kwa sababu imekwisha lainika. Iinue mbele ya dirisha uitazame mwanga ukipita, na pale utakapoona nyuzi zimeachana, usikate mfuko hapo.

Kanga mpya lazima ifuliwe kabla ya kukatwa. Hutoka kiwandani ikiwa imetiwa dondo inayoifanya ionekane ngumu na nono, na dondo hiyo ikitoka, kitambaa hurudi, yaani hupungua kipimo. Mfuko ulioshonwa kwa kanga isiyofuliwa utajikunja mishono siku ya kwanza mpokeaji atakapoufua, naye hatakuambia. Ifue peke yake kwa maji baridi, ukirudia mpaka maji yasibebe rangi tena, ianike kivulini, kisha uipige pasi ikiwa bado na unyevunyevu. Katika mahesabu yanayofuata nimechukulia kwamba baada ya kufuliwa upande mmoja unabaki na sentimita 145 kwa 106. Pima wako, kwa kuwa viwanda havilingani.

Jina la kanga, yaani maandishi yaliyo juu ya pindo la chini, linahitaji uamuzi. Kwa kawaida ni refu kuliko upana wa mfuko mdogo, na likikatwa katikati linaweza kusema jambo ambalo hukulikusudia: "Japo sipati tamaa sikati" likipoteza nusu yake ya pili hubaki "Japo sipati", na hayo si maneno ya kumpelekea mama mkwe siku ya sikukuu. Ama ukate kipande ili jina lote liangukie kwenye kitu kirefu, kama vile kitambaa cha kufunikia sinia, ama uliache lote nje ya mifuko. Na hata likiwa zima, lisome kwanza. Majina mengi ya kanga ni vijembe, na mpokeaji atalisoma kabla hajafungua mfuko.

Kushona mfuko wa kamba

Mfuko huu, ukikamilika, una upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 26, nao unatosha chupa ya nusu kilo au kisanduku kidogo cha vileja. Kila mfuko unahitaji kipande kimoja cha sentimita 22 kwa 60. Kwa kanga ya vipimo nilivyotaja, panga vipande vinne kwa kufuata upana wa 106 na safu mbili kwa kufuata urefu wa 145; utapata vipande 8, na pembeni patabaki ukanda wa sentimita 18 kwa 120 na mwingine wa 25 kwa 106, ambayo yote miwili ina kazi.

Pamba iliyofumwa kwa njia ya kawaida hukatwa sawasawa zaidi kwa kuchanwa kuliko kwa mkasi. Weka alama kwa chaki ya fundi, kata sentimita mbili kwa mkasi, kisha shika pande zote mbili na uchane kwa nguvu moja. Kitambaa kitafuata uzi wake chenyewe. Tahadhari ni moja tu, kwamba maua ya kanga au kitenge wakati mwingine yamechapishwa upogo kidogo, na ukichana utapata kipande kilichonyooka chenye maua yaliyoinama. Tandika kitambaa uangalie kwanza. Ikiwa maua yamekwenda upogo sana, kata kwa mkasi kwa kuyafuata, kwa sababu jicho la mpokeaji huona maua kabla ya kuona uzi.

Tazama pia kama picha ina juu na chini. Kipande cha sentimita 60 kinakunjwa katikati na mkunjo huo huwa kitako cha mfuko, kwa hiyo picha ya jogoo itasimama vizuri upande mmoja na kupinduka kichwa chini upande wa pili. Kwa picha za aina hiyo kata vipande viwili vya sentimita 22 kwa 31, uviunganishe chini kwa mshono wa sentimita moja, na utakuwa na kipande cha urefu ule ule wa 60 huku jogoo wote wakisimama.

Sasa kunja kipande katikati, uso kwa uso, yaani pande nzuri za kitambaa zikitazamana ndani, ili uwe na 22 kwa 30. Bana kwa pini. Kwenye kila ubavu weka alama sentimita 8 kutoka juu, na hapo ndipo mshono utakapoishia. Shona ubavu mmoja kutoka kwenye mkunjo wa kitako hadi kwenye alama, ukiacha sentimita moja kutoka ukingoni, na mwishoni rudisha cherehani nyuma hatua tatu au nne ili mshono usifumuke. Fanya vivyo hivyo ubavu wa pili. Asiye na cherehani ashone kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, kwa hatua fupi za milimita tatu hivi; mshono wa bandi peke yake ni wa kushikizia tu, nao hauhimili uzito wa chupa.

Kingo zilizo wazi ndani ya mfuko zitachomoa nyuzi, na nyuzi hizo zitaonekana kwenye vitafunio. Kama cherehani yako inashona zigizaga, zipitishe kwa zigizaga. Cherehani za zamani za kukanyaga kwa miguu hushona mstari ulionyooka tu, na kwa hizo unaweza kuzungushia uzi kwa mkono, au kumpelekea fundi wa jirani mwenye mashine ya kumalizia kingo, ambaye kwa mifuko minane hatachukua muda mrefu, ilimradi usimwendee katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambapo hata nguo za watoto wake mwenyewe hazijashonwa.

Sehemu inayowapa taabu wanaoanza ni mdomo wa mfuko, nayo inataka pasi zaidi kuliko cherehani. Pale ubavuni palipoachwa wazi, kunja kila ukingo kuelekea ndani kwa sentimita moja, kwa kuendeleza mstari wa mshono, upige pasi, kisha ushone mistari miwili ya kuushikilia, mmoja kila upande wa mwanya. Baada ya hapo kunja ukingo wa juu ndani sentimita moja, piga pasi, ukunje tena sentimita tatu, piga pasi, na ushone karibu kabisa na ukingo wa chini wa mkunjo huo. Fanya hivyo upande wa mbele na wa nyuma, kila mmoja peke yake, usije ukashona mdomo ukaufunga. Sasa una njia mbili za kamba, na mianya ya ubavuni huishia chini kidogo tu ya njia hizo.

Kamba ni mbili kwa kila mfuko, kila moja ya sentimita 60. Ule ukanda wa 18 kwa 120 uliobaki, ukiugawanya kwa upana wa sentimita 3, unatoa tepe 6, na kila tepe ikikatwa katikati unapata kamba 12, zinazotosha mifuko 6. Miwili iliyobaki itiwe utepe wa dukani au kamba laini ya katani. Kila tepe ikunje kingo zake zikutane katikati, ikunje tena katikati, upige pasi na ushone. Pachika pini ya kufungia kwenye ncha ya kamba ya kwanza, iingize kwenye mwanya wa kushoto, ipitishe njia ya mbele, irudi kwa njia ya nyuma hadi itokee palepale kushoto, kisha ufunge fundo. Kamba ya pili iingie na kutokea kulia. Ukizivuta kwa pamoja, kila moja upande wake, mfuko utajifunga wenyewe.

Vifuko vya mkono wa Idi

Ukanda wa 25 kwa 106 usiutupe. Unatoa vipande 8 vya sentimita 12 kwa 26, safu mbili za vipande vinne, navyo ni kipimo cha vifuko vya kutilia mkono wa Idi wa watoto, yaani noti wanayopewa siku hiyo. Kwa Krismasi huingia ndani yake noti ile ile. Kila kifuko kinahitaji bitana ya kipimo hicho hicho, na shati la zamani la pamba linatosha. Weka kanga na bitana uso kwa uso, shona kuzunguka pande zote kwa sentimita moja, ukiacha nafasi ya sentimita 5 upande mmoja mrefu. Kata pembe nne kwa mshazari bila kugusa mshono, pindua kupitia nafasi ile, chokoa pembe kwa kijiti butu, upige pasi. Utakuwa na kipande cha 10 kwa 24. Kunja chini kwenda juu kwa sentimita 9, kisha shona mbavu mbili karibu na ukingo, ambapo ile nafasi iliyoachwa wazi itafungwa na mshono huo huo ikiwa uliiweka chini kabisa. Sentimita 6 zinazobaki juu ndizo kifuniko. Noti iliyokunjwa mara moja huingia vizuri. Kifungo si lazima. Watoto huking'oa kabla ya adhuhuri.

Vishikio vya sufuria

Kwa mtu mzima mwenye jiko lake, kishikio cha sufuria ni zawadi inayofaa kuliko mapambo, lakini kina sharti ambalo halina mjadala: kila tabaka liwe la pamba. Kitambaa cha poliesta, hata kikiwa ndani na hakionekani, huyeyuka kikishika sufuria ya moto na huweza kunata kwenye ngozi. Kama huna hakika na kitambaa, choma uzi wake mmoja kwa kiberiti juu ya sinki: pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, na poliesta hujikunja ikawa tone gumu.

Kata vipande viwili vya kitenge vya sentimita 22 kwa 22, na viwili vya taulo kuukuu la pamba vya kipimo hicho hicho. Panga matabaka ya taulo chini, juu yake kitenge kimoja uso ukiwa juu, na juu kabisa kitenge cha pili uso ukitazama chini. Kwenye pembe moja, katikati ya vitenge viwili, ingiza tepe ya sentimita 12 iliyokunjwa, ncha zake zikitokeza nje, ili iwe kitanzi cha kutundikia. Shona kuzunguka kwa sentimita moja ukiacha nafasi ya sentimita 8, punguza taulo karibu na mshono ili pembe zisivimbe, pindua, na ufunge nafasi kwa mkono. Mwishowe shona mistari ya mshazari kila baada ya sentimita 4 au 5 kupita matabaka yote. Mistari hiyo ndiyo inayozuia taulo kujikusanya upande mmoja baada ya kufuliwa. Tumia sindano nene ya cherehani, namba 16, na uende polepole; sindano nyembamba hukatika kwenye taulo.

Mfuko wa kaki kwa walio wengi

Wapo wapokeaji ambao ni wengi mno kushonewa, kwa mfano darasa zima la madrasa au la shule ya Jumapili. Kwa hao tumia karatasi ya kaki ya kipimo cha A4. Ilaze kwa mapana, gundisha kingo mbili fupi kwa kuzipandanisha chini ya sentimita mbili, nawe utapata bomba bapa lenye upana wa sentimita 14. Kunja sehemu ya chini juu kwa sentimita 5, ifungue na kuibonyeza mpaka ifanye pembe mbili kali pembeni, kisha leta makali ya juu na ya chini yapandane kidogo katikati, uyagundishe. Utapata kitako cha kusimamia na kimo cha kama sentimita 18. Ndani yake weka kipande cha karatasi isiyopitisha mafuta kabla ya kutia kashata au biskuti. Kenya iliacha kuruhusu mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo karatasi ya kaki sasa hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifungashio, ikiwa imekatwa au ya kukata mwenyewe.

Kupakia na kutuma

Kwenye kila mfuko funga kikaratasi chenye jina la kitafunio, tarehe kilipopikwa, na kama kina njugu, korosho, maziwa au mayai. Si urembo, kwa kuwa mtu mwenye mzio wa njugu hawezi kuziona zikiwa zimesagwa ndani ya biskuti. Upande wa pili andika kwamba kitambaa ni pamba na kimekwisha kufuliwa, ili mpokeaji asiogope kukifua tena. Kushona kote kuwe kumekwisha wiki mbili kabla ya sikukuu, na kupika kuwe siku mbili au tatu za mwisho.

Kifurushi kinachokwenda kwa basi hupangwa chini ya mizigo mingine, hata ukimsihi utingo. Weka vyombo vya kioo chini, kila kimoja kikiwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, ukivitenganisha kwa vishikio vya sufuria, ambavyo hapo hufanya kazi ya kuzuia vigongane. Makopo ya vileja yakae juu, yakiwa yamejazwa hadi mdomoni, kwa sababu kileja huvunjika kwa kutikisika ndani ya nafasi tupu kuliko kwa kukandamizwa. Tikisa boksi kabla ya kulifunga. Likitoa sauti, ongeza gazeti. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za boksi, na uweke karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo ndani, kwa maana ya nje huweza kubanduka njiani.